Rafiki Asiyeweza Kukataa

Mtu apigaye hodi mlangoni pa mwenziwe hukiri jambo kubwa kabla hajatia mguu ndani: hukiri kwamba mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Atapiga hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipojibiwa atageuka aende zake, wala hatamwekea mwenyeji kinyongo. Neno "karibu" lina thamani kwa sababu lingeweza kutosemwa. Nyumba isiyoweza kumzuia mtu si nyumba bali ni njia ya kupita, na rafiki asiyeweza kukataa si rafiki bali ni chombo. Hilo ndilo nitakalolitetea katika insha hii. Nitalitetea mbele ya kitu ambacho wengi wenu mnakipenda, yaani michezo ya kompyuta na ya simu ambayo ndani yake wahusika huamkiana, huzungumza, hupatana, hugombana na hata kuoana, mfano wa watu.

Sisemi haya kama mtu aichukiaye michezo. Wako wazee, na wako walimu wenzangu, wanaotaka vyombo hivyo vyote vikusanywe na kufungiwa kabatini. Kwao mchezo na upotevu ni neno moja. Mimi si wa kundi lao. Mchezo ni chuo cha kwanza cha binadamu, na kuiga maisha ya watu ni mchezo wa zamani kuliko kompyuta yoyote. Nani kati yetu hakucheza kalongo? Watoto hukusanyika nyuma ya nyumba, wakapika udongo katika mikebe, wakakata majani yawe mboga. Mmoja huwa baba, mmoja mama, mmoja mgeni kutoka mjini, na aliye mdogo kuliko wote hulazimishwa kuwa mtoto mchanga. Yule mdogo hukubali kulala chini siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu huinuka akasema, "Mimi sitaki kuwa mtoto kila siku. Leo nitakuwa mama, ama sivyo naenda kwetu." Mchezo husimama. Hapana budi washauriane, wabembelezane na kupatana, la sivyo mchezo umekwisha. Udongo ule haukuwa chakula, lakini kukataa kule kulikuwa kukataa kwa kweli, na kupatana kule kulikuwa kupatana kwa kweli. Mtoto alidhani anajifunza kupika, kumbe alikuwa akijifunza kuishi na watu.

Basi na tuutazame mchezo wa mashine kwa haki, tuone kama unafundisha somo hilo au somo jingine.

Miongoni mwa michezo ya namna hii, mmoja uliopata sifa kubwa ulimwenguni ni The Sims, uliotolewa Marekani mwaka wa 2000. Mwanzilishi wake, Will Wright, aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya mji wa Oakland, California, mwaka wa 1991. Katika kuanza maisha upya alifikiri sana juu ya vitu ambavyo mtu huvihitaji, na sababu ya kuvihitaji. Katika mchezo wake kila mhusika alipewa mahitaji manane: chakula, starehe ya mwili, usafi, kwenda haja, usingizi, burudani, watu wa kuzungumza nao, na mahali pazuri pa kukaa. Kila hitaji lina kipimo kinachojaa na kupungua. Ujanja wa mtengenezaji ulikuwa huu: hakuitia akili yote kichwani mwa mhusika, bali aliigawia vitu vilivyomzunguka. Jokofu hutangaza, "Mimi huondoa njaa"; kitanda hutangaza, "Mimi huondoa uchovu"; na mhusika, apimapo upungufu wake, hukiendea kile kinachomwahidi zaidi. Ni kazi ya werevu, wala sioni aibu kuisifu. Lakini ulizeni: na binadamu mwenziwe je, yumo katika hesabu hiyo kama nani? Yumo kama jokofu. Naye ni kitu kimoja miongoni mwa vitu, kinachotangaza, "Mimi huondoa upweke." Na mapenzi kati ya wawili hao yaliandikwa kwa tarakimu, kuanzia 100 chini ya sifuri hadi 100 juu yake.

Tena wahusika hao hawasemi lugha yoyote ya watu. Husema maneno yasiyo na maana, yaliyobuniwa makusudi. Maneno ya kweli yangerudiwarudiwa mpaka yachoshe masikio, hali maneno matupu humwachia mchezaji ayatie maana aitakayo mwenyewe. Hilo nalo ni jambo la werevu. Lakini fikirini lina maana gani. Ukisikia furaha katika sauti ile, furaha ni yako. Ukisikia kilio, kilio ni chako. Umeketi peke yako ukijisikiliza.

Mchezo wa pili nitakaoutaja ni Stardew Valley wa mwaka wa 2016, ambao Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliutengeneza peke yake kwa muda uliozidi miaka minne. Aliandika programu, akachora picha, akatunga na muziki. Mchezaji hurithi shamba la babu yake karibu na kijiji kidogo, hulima, na huzoeana na wanakijiji. Wanakijiji hao wametungwa kwa huruma: yumo mwanamke mlevi, yumo baba aliyerudi kutoka vitani na moyo wake haujatulia, yumo kijana aliyekata tamaa. Lakini mlango wa kuingilia katika habari zao hufunguliwa kwa alama. Kuzungumza na mtu kwa siku ni alama 20. Zawadi aipendayo sana ni alama 80. Zawadi aichukiayo hupunguza alama 40. Alama 250 ni moyo mmoja. Zawadi hazizidi mbili kwa juma, isipokuwa siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo zawadi huhesabiwa mara nane. Wachezaji wenye bidii huyajua haya kwa ghibu, na wamekwisha kuandika orodha ya kila mwanakijiji na akipendacho, kama mchuuzi aandikavyo bei za bidhaa zake.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Ukimletea mtu takataka aichukiayo, umemkosea kwa alama 40. Ukija kesho na kitu akipendacho sana, umelipa alama 80. Deni limekwisha, na imebaki faida ya 40. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyesamehe. Kosa limenunuliwa, na chenji imerudi.

Wapenzi wa mchezo huo watanijibu kwamba wanakijiji hao hukataa. Ukimpa mmoja wao shada la maua la kumwomba awe mpenzi wako kabla ya kutimiza mioyo minane, atalirudisha. Ni kweli. Lakini tazameni ni kukataa kwa namna gani. Mioyo minane ni alama 2,000. Mwenye 1,900 hukataliwa, na mwenye 2,000 hukubaliwa, hata kama alama zote amezipata kwa kuleta kitu kile kile kila juma. Huko si kukataa kwa rafiki. Ni kukataa kwa muuza duka anayekuambia kwamba fedha zako hazijatosha, nenda ukatafute nyingine, nami nitakungojea.

Hapa najua mtu mwingine atasimama aniambie: "Mwalimu, hata kwetu mkono mtupu haulambwi. Michango ya harusi na ya msiba si tunaiandika katika daftari? Tofauti i wapi?" Swali hili ni zuri, nami sitalikwepa. Naam, tunaandika. Lakini daftari la michango huandika deni, haliandiki mapenzi. Mtu aweza kutuma fedha nyingi kwa simu siku ya msiba wa jirani, na jina lake likawa la kwanza katika daftari. Walakini wafiwa watakumbuka kwamba hakuja kuketi nao. Mwingine asiye na kitu ameteka maji, amepasua kuni, amekesha nje penye moto. Hana mstari katika daftari, lakini yumo moyoni mwa wenye msiba. Wazee waliosema mkono mtupu haulambwi ndio hao hao waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walizisema zote mbili ili moja isitawale peke yake. Mchezo umeichukua ile ya kwanza, ukaiacha ya pili.

Nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Wanafunzi wawili niliowafundisha walikuwa marafiki tangu siku waliyoingia shuleni. Siku moja mmoja alimdhihaki mwenziwe mbele ya darasa zima kwa sababu ya viatu vyake vilivyoshonwashonwa. Darasa likacheka. Tangu hapo aliyedhihakiwa hakumsemesha tena. Baada ya juma moja mwenye kosa alinijia akinung'unika: "Mwalimu, nimemnunulia mandazi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mara zote ameyaacha juu ya dawati. Anataka nini zaidi?" Nilimwuliza kama amemwomba radhi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kijana huyo alikuwa mchezaji hodari wa michezo niliyoieleza. Sisemi kwamba michezo ndiyo iliyompotosha, maana kiburi kilikuwako duniani kabla ya kompyuta. Lakini hesabu yake ilikuwa hesabu ile ile: zawadi tatu zimetolewa, na mtu bado hajajaa.

Alikwenda kuomba radhi, akakataliwa. Mwenziwe alimwambia wazi kwamba tusi la hadharani halifutwi kwa maneno ya faraghani. Siku chache baadaye alisimama mbele ya darasa, akasema yaliyompasa kusema, sauti ikimtetemeka. Hata hivyo urafiki haukurudi kama ulivyokuwa. Muhula ule ulikwisha wakiwa watu wa kuamkiana tu. Sina mwisho mtamu wa kuwapa. Lakini nathubutu kusema kwamba kule kukataliwa kulimfundisha zaidi ya wahusika wote waliopokea zawadi zake wakacheka.

Watetezi wa michezo hii wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Husema kwamba kompyuta haijui ila tarakimu, na kumlaumu mtengenezaji kwa kuhesabu ni sawa na kumlaumu fundi wa nguo kwa kutumia uzi. Nakubali. Hata bao huchezwa kwa kuhesabu kete. Silaumu hesabu, nalaumu kinachohesabiwa. Uhusiano wa watu si maji ya mtungini, ambayo swali lake ni moja tu, ni mengi au ni machache. Uhusiano una namna, na namna yake ndiyo inayoamua maana ya tendo. Katika jamii nyingi za Kenya mjukuu aweza kumtania babu yake kwa neno zito, akamwita mchumba wa bibi yake aliyechoka, na wote wakacheka. Neno hilo hilo likitoka kinywani mwa mkwe mbele ya mama mkwe, ni fedheha itakayowakutanisha wazee. Je, ni kwa kuwa babu anampenda mjukuu zaidi ya mama mkwe anavyompenda mkwewe? Hasha! Yamkini mkwe anapendwa sana. Ila huyu ni nani kwa yule, na kwa hiyo nini chaweza kusemwa baina yao, ndilo swali. Tarakimu moja haiwezi kulijibu. Kanuni zaweza, na kanuni ni kitu kinachoweza kuandikwa katika programu.

Wako waliokwisha kujaribu. Mwaka wa 2005 Michael Mateas na Andrew Stern walitoa mchezo uitwao Façade. Mchezaji ni mgeni aliyealikwa jioni nyumbani kwa mume na mke, Trip na Grace, ambao ndoa yao yaelekea kuvunjika mbele ya macho yake. Mgeni huandika maneno ayatakayo, nao humjibu, na mambo yote huisha kwa muda wa dakika kama 20. Mchezo huo una kasoro nyingi. Mara nyingi hauyaelewi maneno ya mgeni, hata imekuwa mzaha mashuhuri miongoni mwa wachezaji kwamba ukitaja tunda la tikiti, mwenyeji huona umemtusi. Lakini una sifa moja kubwa: mwenyeji akiudhika, humtoa mgeni nje na mlango ukafungwa. Trip na Grace wana ugomvi wao wenyewe uliokuwako kabla mgeni hajafika, wala hawapo ili kumridhisha. Mwaka wa 2012 ukatoka Prom Week, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, juu ya vijana wa shule katika juma la kungojea dansi lao. Humo mhusika hupima maelfu ya kanuni kabla ya kulikubali ombi: huyu ni nani kwangu, rafiki zangu wamwonaje, alinitenda nini juzi? Akikataa, hukataa kwa ajili ya mambo yaliyo kati yake na wengine, si kwa ajili ya bei ambayo haijatimia. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba haiwezekani. Yawezekana, ila ni kazi ngumu, na biashara hupenda njia iliyo fupi.

Wengine watasema kwamba shida hii imekwisha, maana siku hizi zipo programu ziwezazo kutunga sentensi kama mtu, na mhusika aliyepewa programu hiyo hahitaji alama wala orodha ya zawadi. Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Google walitengeneza kijiji cha mfano chenye wahusika 25 wa namna hiyo. Kila mmoja alipewa kumbukumbu ya aliyoyaona na kuyasikia, na uwezo wa kuyatafakari na kupanga siku yake. Mhusika mmoja, Isabella, alitiwa nia ya kufanya karamu ya Siku ya Wapendanao. Habari zilienea kinywa kwa kinywa bila mtu kuwaelekeza, na katika 12 walioalikwa, watano walifika. Nilipoyasoma hayo nilifurahi kwa ajili ya wale saba ambao hawakwenda. Nikadhani huu ndio mwanzo wa wahusika wenye nafsi zao. Lakini watafiti wenyewe, kwa uaminifu wao, waliandika kasoro waliyoiona: wahusika wao walikuwa na adabu kupita kiasi. Isabella aliletewa mashauri ya kila aina juu ya karamu yake, hata yale yasiyopatana na tabia yake, naye kwa nadra alisema hapana. Polepole matakwa ya wenziwe yakawa ndiyo matakwa yake. Mke na mume walizungumza kwa maneno rasmi, kama watu waliokutana ofisini kwa mara ya kwanza. Sababu haifichiki: programu za aina hiyo zimefundishwa kusaidia na kukubaliana. Tulidhani duka limebomolewa, kumbe limepakwa rangi mpya.

Nalo ni jambo la kuogopwa kuliko lile la alama. Alama huonekana, kila mtu ajua kwamba mioyo ile ni hesabu. Bali maneno matamu humfanya mtu asahau. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu yake iitwayo ELIZA. Kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Ukiandika kwamba una huzuni, itakuuliza habari za huzuni yako. Haikuelewa kitu. Hata hivyo karani wake Weizenbaum, ambaye kwa miezi mingi alimwona akiitengeneza na alijua kwamba ni programu tu, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba mkuu wake atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka sana, na mwaka wa 1976 akatoa kitabu kizima cha kuwaonya watu. Leo hakuna haja ya kumwomba mtu atoke chumbani, kwa kuwa kila mwenye simu ana chumba mfukoni. Zipo programu zinazouzwa kwa jina la marafiki. Husikiliza usiku kucha wala hazichoki. Hazina mgonjwa nyumbani wala shamba la kupalilia, na aghalabu hazina ulimi wa kukuambia kwamba leo mwenye kosa ni wewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga. Na dhiki moja kubwa ya kijana ni kukosea bila mtu wa kumwambia.

Hoja iliyobaki ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Huu ni mchezo tu." Wanaoisema hawaiamini wao wenyewe. Mwulizeni mtu huyo huyo kwa nini shule ina uwanja wa kandanda, atawaambia kwamba kandanda hufundisha ushirikiano, uvumilivu na kukubali kushindwa. Vema. Basi mchezo hufundisha. Haiwezekani mchezo uwe mwalimu siku ya kusifiwa, na siku ya kulaumiwa uwe "mchezo tu". Achezaye bao hujifunza kwamba mtu aketiye ng'ambo ya ubao ana nia yake, na kwamba nia hiyo si ya kumfurahisha. Achezaye mchezo wa kununua urafiki hujifunza, kwa saa nyingi na kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kila mtu ana kitu akipendacho na kila moyo una idadi yake. Sitasema kwamba kila achezaye huamini hivyo. Nasema kwamba hivyo ndivyo afundishwavyo, na mwanafunzi mwenye busara yampasa ajue kilichoandikwa ubaoni.

Tufanye nini basi? Sitawaambia mwache kucheza. Nawaambieni mcheze mkiuliza maswali matatu. La kwanza: mhusika huyu aweza kunikataa kwa sababu iliyo yake, au hunikataa kwa kuwa sijalipa? La pili: ana watu wengine anaowajibika kwao, au ulimwengu wake wote ni mimi? La tatu: hukumbuka nililomtenda, na kama hukumbuka, yuko tayari kusamehe kwa kuombwa, au husahau kwa kupewa? Mchezo unaoshindwa katika yote matatu waweza kuwa mzuri kwa rangi na kwa muziki, nanyi mkaufurahia kama mtu afurahiavyo saa ya ukutani. Lakini msiuite picha ya maisha ya watu.

Na wale miongoni mwenu wanaojifunza kuandika programu, nao si wachache siku hizi, wana kazi kubwa zaidi. Michezo niliyoitaja ilitungwa na watu wa Marekani wakiwa na miji yao akilini, nyumba zao, samani zao na desturi zao. Silaumu, kila mtu hutunga akijuacho. Lakini sisi tusipotunga tukijuacho, hakitakuwamo. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika maneno hayo machache mna kanuni kamili ya mchezo: ukarimu una mwanzo na una mpaka, mgeni ana haki na ana wajibu, na muda hubadili maana ya kuketi barazani pa mtu. Nani ataiandika? Nani atatunga mhusika anayeangalia kwanza aliye mbele yake ni mkubwa wake, rika lake, mtani wake au mkwewe, ndipo achague neno la kumwamkia? Nani atatunga kijiji ambamo mchezaji akiwa na zawadi mkononi huambiwa, "Leo hatupokei wageni, tuna msiba, weka zawadi yako chini, uje utusaidie kuteka maji"? Kazi hiyo si ya mchezo peke yake. Atakayeiandika vizuri atakuwa amelazimika kuzitazama desturi zetu kwa makini kuliko wengi wanaozisifu majukwaani, na ataziona hata zile zinazofaa kuachwa.

Lakini kabla hamjaandika kanuni za urafiki, hapana budi muwe na marafiki. Nendeni mkapige hodi mlangoni pa mtu mliyemkosea, mikono mitupu, bila mandazi. Huenda akafungua, huenda asifungue. Akinyamaza mara tatu, rudini nyumbani bila kinyongo, mje tena siku nyingine.